Mzee Alibeba Nini?

Wengi wetu tukishuka Kariakoo tunakumbatia mikoba kwa kuhofia vibaka, hatuna hata nafasi ya kujiuliza jina lile limetoka wapi. Limetoka kwa wabeba mizigo. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, pale pakawa na kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na midomo yetu ikalifinyanga jina hilo. Nairobi nako wana Kariokor yao.

Tangu nilijue hilo, sijapona. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipofika huku mwaka 1914 vilikuta mbung'o wanaua farasi na ng'ombe, na barabara za magari ni haba. Mzigo ukapandishwa kichwani mwa mtu: unga, risasi, hata majeruhi kwenye machela. Pande zote mbili, Waingereza na Wajerumani, zilichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa lazima. Maradhi na njaa viliwamaliza kuliko risasi. Ila pale Posta, Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 inamwonyesha mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini tu. Nairobi angalau mmoja wao amesimamishwa pamoja na askari, lakini hata yeye hana jina.

Majina hayo, kama yamebaki, yamebaki majumbani kwenu. Ndugu msomaji, nakuomba Jumapili moja tu. Nenda kwa bibi, au kwa yule shangazi anayejua ugomvi wote wa ukoo. Usimwambie akusimulie historia, atakujibu hajasoma. Muulize mzee wetu alipelekwa wapi, alibeba nini, alirudi na nani. Kama hakurudi, nani aliletewa habari? Andika kama anavyosema, pamoja na tarehe na jina lake. Picha kuukuu zigeuze, uandike majina nyuma kwa penseli laini, maana wino huvuja. Barua au cheti cha zamani usikitupe. Waonyeshe kwanza watu wa Nyaraka za Taifa, Upanga.

Nenda na mtoto, kalamu aishike yeye. Na bibi akitaja jina ambalo ukoo mzima hamjawahi kulisikia, msimkatize. Mwongezeeni chai.