Ordinatere yetu: tuiongezee nguvu kwanza

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Kuko wale banasema tuuzishe ordinatere ya masomo, tununue mpya ya kutengeneza video za kwaya. Sisi tunakataa. Picha moja ya 1920 × 1080 iko na nukta zaidi ya milioni 2, na kila sekunde zinapita picha 25. Kwa memwari ya jigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, lazima ikwame! Tuweke memwari 16 na diski ya SSD. Tukate video kwa nakala ndogo, zile kubwa zirudi mwishoni. Franka zitakazobaki ziende kwa onduleri, maana hapa Lubumbashi umeme unakatika bila hodi. Mchango ni jasho la wazazi, tusiuchezee.