Karani bado anaandika barua pepe zetu

Haya wasomaji, leo hakuna habari za simu mpya wala lugha mpya ya programu. Leo ni barua pepe. Hasa barua pepe tunazoandikiana sisi watengenezaji programu wa Nairobi na wenzetu walioko India.

Kila ofisi ya kompyuta niliyowahi kufanyia kazi hapa jijini ina utani wake kuhusu Kiingereza cha Wahindi. (Wahindi wa India nasemea, si Wakenya wenzetu wenye asili ya huko, ambao serikali iliwatangaza kuwa kabila la 44 mwaka 2017.) Mtu wa Pune akiandika kuwa ana "doubt", vijana wanacheka. Akisema mkutano ume-"prepone", wanacheka zaidi. Akisema yuko "out of station", mmoja atauliza ni stesheni gani, Makadara au Dandora? Na barua ikifika mwisho, "please do the needful", hapo ofisi nzima inasoma kwa sauti.

Mimi sichekeshwi. Kwanza, kazi yetu imefungamana na ya hawa watu. Finacle, programu ambayo baadhi ya benki zetu zimeitumia kuendeshea akaunti za wateja, ni ya Infosys ya Bangalore. FLEXCUBE, ambayo leo inauzwa na Oracle, ilizaliwa India. Mwaka 2010 Bharti Airtel walinunua shughuli za Zain barani Afrika, na laini nyingi hapa mtaani zikabadilika rangi. Ukiwa mtengenezaji programu unayelala Umoja au Donholm, siku moja utamwandikia mtu wa Chennai, upende usipende.

Pili, hebu fungua barua zako mwenyewe. Utakuta "kindly" tatu katika sentensi mbili. Utakuta "kindly revert", ukimaanisha nijibu. Utakuta "your good office". Hicho Kiingereza tunachokicheka ni chetu pia, na kimetoka chungu kimoja. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na pamoja nao makarani. Hata neno karani lilitumika huko India kwa mwandishi wa ofisini kama tunavyolitumia sisi. Rupia ndiyo iliyokuwa pesa yetu hadi 1920, na sheria ya jinai ya India ilitumika hapa hadi 1930. Mkoloni alifundisha makarani wa pande zote mbili za bahari namna moja ya kumwandikia bwana mkubwa: inama, shukuru, usilaumu, usijitaje, kisha omba "the needful" itendeke. Waingereza wenyewe waliachana na msemo huo zamani. Tulioachiwa ni sisi na Wahindi.

Sasa kuna jambo linalonishangaza. Hao hao Wahindi ndio waliotufundisha wengi wetu kompyuta, na walitufundisha kwa maandishi safi kabisa. Kitabu cha Yashavant Kanetkar, Let Us C, na vile vya E. Balagurusamy, vimepigwa fotokopi katika vyuo vyetu mpaka herufi zikafifia. Fungua ukurasa wowote: sentensi fupi, mfano wa msimbo, kisha kinachotokea kwenye skrini, kisha kosa ambalo mwanafunzi atalifanya na sababu yake. Wengine walisoma Aptech. Waliokuja baadaye wameangalia mihadhara ya NPTEL kwenye YouTube usiku, bando za bei nafuu zikiwa zimeanza. Pointa, kitu kinachowatoa jasho hata wenye digrii, zilielezwa na Mhindi na kijana wa Kariobangi akaelewa.

Basi inakuwaje mtu anayeweza kukueleza pointa akuandikie barua pepe ambayo hujui anasema nini? Jibu langu ni kwamba kitabu hakina bosi. Barua pepe ina bosi, tena ana nakala. Angalia mstari wa nakala katika tiketi yoyote iliyokwama: meneja wa huku, meneja wa kule, mkuu wa mauzo, mtu mmoja ambaye hakuna anayemjua. Mwandishi hamwandikii tena mtu wa kurekebisha hitilafu. Anaandika ili wale sita wamwone ana adabu na hana hatia. Kwa hiyo anaondoa nani alifanya nini, anaondoa saa, anaondoa kiasi, na kinachobaki ni heshima tupu.

Niwape mfano. Kampuni sitaitaja, wala sacco yenyewe. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, watu wametoka kulipwa. Wakala mmoja wa Kayole alituma ujumbe huu saa nane na dakika arobaini mchana:

"Mama ametoa elfu tatu saa nane na dakika kumi. Pesa imetoka kwa akaunti, haijaingia kwa simu. Amejaribu tena ameambiwa salio haitoshi. Huyu ni wa nne tangu saa saba. Zile za chini ya elfu moja zinapita."

Soma tena. Kwangu mimi hiyo ni ripoti ya hitilafu iliyokamilika. Ina saa, ina kiasi, ina kilichotarajiwa na kilichotokea, ina idadi, na mstari wa mwisho ni dhahabu: ndogo zinapita, kubwa hazipiti. Mwenye uzoefu angeshuku papo hapo kwamba malipo makubwa yanapitia ukaguzi wa ziada, jibu linachelewa, mfumo unachoka kungoja, na pesa iliyokwisha kukatwa hairudishwi.

Ripoti ikapanda ngazi. Ilipofika ofisini mjini ikavalishwa suti na kupelekwa Pune ikiwa hivi: "Dear Sir, kindly note that the system is not working and customers are complaining. Please do the needful urgently." Elfu tatu haipo. Saa nane na dakika kumi haipo. Zile ndogo zinazopita hazipo.

Fundi wa Pune, na hapa nampongeza, akauliza swali lile lile ambalo Kayole walikwisha kulijibu: "I have a doubt, is it for all amounts? Kindly confirm by EOD." Yaani ana swali, je, ni viasi vyote? Athibitishiwe kabla ya mwisho wa siku.

Meneja wa huku akaona "doubt" akadhani anashukiwa. Katika Kiingereza cha India neno hilo ni swali tu. Mwanafunzi ananyoosha mkono darasani akisema ana "doubt", na mwalimu hakasiriki. Huku tukasoma shaka, yaani mnatuona waongo. Ikaandikwa barua ndefu kuhusu mkataba na wajibu wa kila upande. Ikapitiwa na watu wawili kabla ya kutumwa. Ilitoka saa kumi na dakika ishirini jioni, kabla ya "mwisho wa siku" ya Nairobi. Lakini India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Kwao ilikuwa inakaribia saa moja usiku, na fundi alikuwa ameshuka ngazi saa kumi na mbili na nusu. Mwisho wa siku yake ulipita sisi tukiwa bado tunatafuta neno kali zaidi la kuweka aya ya tatu.

Mimi niliisoma barua hiyo yote Jumamosi, pesa za watu bado zikiwa hewani. Mtu wa Kayole anayetoa elfu tatu mwisho wa mwezi hatoi kwa starehe. Hiyo ni kodi ya nyumba au ni mzigo wa biashara wa alfajiri. Jumatatu tulimtumia fundi maneno ya wakala yalivyo, yakitafsiriwa neno kwa neno. Hakuchukua hata saa moja kupata palipoziba.

Kwa hiyo mnaposema Wahindi hawajui kuandika, mimi nauliza ni nani aliyefuta elfu tatu. Haikufutwa Pune. Ilifutwa na sisi, kati ya Kayole na mjini, kwa sababu Kiswahili cha wakala hakikuonekana kama lugha ya kazi.

Kuna mitego mingine midogo ambayo ningependa muijue, maana inagharimu. Saa ni ule wa kwanza. Sisi tunasema saa mbili na kumaanisha 8, na nimeona tiketi ambayo "saa mbili usiku" ilitafsiriwa kuwa saa nane za usiku wa manane. Watu wakachunguza kumbukumbu za seva za wakati usiofaa. Andika 20:00, kisha andika ni ya Nairobi. Mtego mwingine ni tarakimu. India huandika laki mbili na nusu hivi: 2,50,000. Mhasibu wetu mmoja aliirudisha ripoti nzima akisema koma zimekosewa. Hazikukosewa, kompyuta iliwekwa mipangilio ya India, na inapanga hivyo kwa makusudi. Na kinachonichekesha ni kwamba neno laki lenyewe lilitoka huko huko! Sisi wa kusema "laki" tulipaswa kuwa watu wa kwanza duniani kuielewa koma hiyo.

Na hiyo "prepone" mnayoicheka, naitetea. Ni kuuleta mkutano mapema, kinyume cha kuuahirisha, na Kiingereza cha Uingereza hakina neno moja la kawaida la kazi hiyo. Kiswahili chetu kina balaa zaidi: mkutano ukisogezwa mbele, wengi tunaelewa umeahirishwa. Mwingereza akiambiwa maneno hayo hayo kwa lugha yake anaelewa umeletwa mapema. Weka hao wawili na mtu wa Pune kwenye kalenda moja uone.

Wengine mtasema dawa ni kozi ya Kiingereza. Nimeona kampuni zikilipia hizo kozi. Vijana wanarudi wakijua kuandika "kindly" kwa ufasaha zaidi. Na katika usaili wa kazi ndiyo mbaya kabisa. Kijana wa Dandora anayeweza kukuonyesha kwa Sheng mahali programu ilipoanguka anaonekana hajui "communication", halafu anachukuliwa mwenye lafudhi laini ambaye tiketi zake ni moshi mtupu. Hii inaniuma kwa sababu nimewaona wakirudishwa.

Hapa Eastlands tuna historia ya Mhindi aliyeandika kwa namna nyingine. Makhan Singh alifika Nairobi akiwa kijana mwaka 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapishaji cha babake. Chama cha wafanyakazi alichokiongoza kuanzia 1935 kilitoa vipeperushi kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, na madai yake yalikuwa na tarakimu: siku ya kazi iwe ya saa nane. Si "kindly consider". Saa nane. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, hapa hapa tunapopita kila siku, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili. Serikali ya kikoloni ilimwelewa vizuri mno. Ilimkamata mwezi uliofuata na kumweka kizuizini hadi 1961. Karani wa reli na Makhan Singh walitoka nchi moja na walikijua Kiingereza kile kile. Mmoja alikuwa anamwandikia bwana, mwingine anamwandikia kibarua wa Muthurwa aliyetaka kujua atatoka kazini saa ngapi.

Turudi kwenye kompyuta. Mahali ninapofanya kazi sasa tumebadilisha fomu ya tiketi. Ina visanduku vichache: ulifanya nini, ulitarajia nini, ulipata nini, saa ngapi ya Nairobi kwa tarakimu nne, kiasi gani, na ni nini kinachofanya kazi bado. Ujaze kwa lugha yoyote. Maneno ya aliyeona hitilafu yanakaa juu, tafsiri inakaa chini yake, na hakuna anayeruhusiwa kuyafuta ya juu. Mameneja hawaongezwi kwenye nakala mpaka saa mbili zipite bila jibu. Wenzetu wa India waliipenda mara moja, wakaongeza kisanduku chao wenyewe kwa maswali, na wakakiita "Doubts". Tumekiacha na jina hilo.

Aliyelalamika ni mtu mmoja tu, mkuu wa kitengo, tena wa huku kwetu. Ameuliza ni kwa nini fomu haina mahali pa kuandika "Dear Sir".