Ajali Ina Kinga

Wahenga walisema ajali haina kinga. Nawaheshimu wahenga, lakini methali hii imegeuzwa kichaka cha kuwafichia wazembe, nami leo nimekuja na panga.

Nianzie mbali kidogo, ndugu msomaji. Tarehe 9 Novemba 1975, meli ya mizigo Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, iling'oa nanga katika bandari ya Superior, jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Ilibeba takriban tani 26,000 za punje za madini ya chuma. Siku ya pili ilikumbwa na dhoruba kali katika Ziwa Superior, ziwa la maji baridi linaloizidi Victoria yetu kwa eneo. Alasiri, nahodha Ernest McSorley aliiarifu meli iliyomfuata, Arthur M. Anderson, kwamba chombo chake kimeinamia upande na pampu zinafanya kazi. Baadaye rada zake zikafa. Saa 1 na dakika 10 usiku alisema redioni kwamba bado wanamudu. Muda mfupi baadaye meli ikatoweka pasipo wito wowote wa kuomba msaada. Watu wote 29 waliokuwamo walipotea.

Ukiuliza nani aliwaua, utajibiwa kuwa ni dhoruba. Jibu hilo silikubali. Dhoruba za Novemba katika ziwa lile zilijulikana tangu enzi za mababu. Pamoja na kujua hivyo, kati ya mwaka 1969 na 1973 kanuni zililegezwa mara tatu, meli ikaruhusiwa kuzama majini kwa zaidi ya futi 3 kuliko ilivyoruhusiwa ilipoanza kazi mwaka 1958. Ngama zake hazikutenganishwa kwa kuta za kuzuia maji. Haikuwa na kifaa cha kielektroniki cha kupima kina. Na mmiliki wake, amini usiamini, alikuwa kampuni ya bima ya maisha!

Tazama sasa uchunguzi. Walinzi wa Pwani, ambao ndio waliosimamia kanuni zile za upakiaji, walisema mwaka 1977 kwamba yamkini maji yaliingia kupitia mifuniko ya ngama isiyofungwa barabara. Umoja wa wenye meli ukapinga, ukisema meli iligusa mwamba uliojificha chini ya maji. Mwaka 1978 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ikasema mifuniko ilivunjwa na uzito wa mawimbi. Mpaka leo wataalamu hawajaafikiana. Mimi naona jambo moja: msimamizi alinyoosha kidole kwenye kazi ya mabaharia, mwenye meli akanyoosha kwenye mwamba. Maiti na mwamba, wote wawili hawana mdomo wa kujitetea.

Hata hivyo, Wamarekani hawakuishia kulumbana. Vifaa vya kupima kina vilifanywa vya lazima kwa meli kubwa. Mavazi ya kumkinga baharia na baridi ya maji yakawekwa vyumbani mwao. Ukaguzi kabla ya msimu wa dhoruba ukakazwa. Tangu usiku ule, hakuna meli nyingine kubwa ya mizigo iliyozama na mabaharia wake katika maziwa yale, ilhali pepo za Novemba hazijaacha kuvuma. Kama ajali haina kinga, hiyo ni nini?

Turudi nyumbani. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikaua mamia. MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Hesabu hiyo haihitaji shahada ya uzamivu. Wala hatuna dhoruba ya kuisingizia. Tulilia, tukatangaziwa maombolezo, tukaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Mungu gani huyo anayekata tiketi zaidi ya idadi ya viti?

Nami sijitoi katika lawama. Si zamani sana nilipanda chombo kimoja ziwani humu. Hakuna aliyeandika jina langu. Nilipomuuliza karani, alicheka: "Mwalimu, usiwe na hofu, ziwa leo limetulia." Abiria wengine wakacheka pamoja naye. Niliona haya kuonekana mwoga, nikanyamaza, nikaketi juu ya gunia la dagaa kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa. Tulifika salama, na kwa kufika kwetu salama karani yule alithibitishiwa kwamba yuko sahihi.

Basi nimeapa: safari ijayo nitadai jina langu liandikwe, na chombo kikijaa nitashuka, hata wanicheke gati zima. Nakuomba, msomaji, ushuke pamoja nami. Siku abiria 50 watakaposhuka kwa pamoja, mwenye chombo atajifunza kuhesabu.