Msichana Aliyezalia Nyumbani

Jambo hili twaliona mara nyingi katika miji yetu, Bukavu kama Lubumbashi. Msichana ashika mimba angali kwa wazazi wake. Wazee wa pande mbili wakutana. Jamaa ya kijana yatoa mbuzi na pesa za kuondoa haya. Baba wa msichana apokea mali hiyo, kisha amwambia binti yake: «Ondoka na mzigo wako.» Kijana arudi darasani. Msichana alala jikoni kwa shangazi, hana hata kitambaa cha kumfunika mtoto.

Sisi twauliza: mali ile ilikuwa ya nani? Na kama haya yamekwisha kulipwa, mbona msichana angali anayalipa kila siku bombani, mbele ya wenzake wanaomcheka?

Hatusemi kwamba kosa si kosa. Twawafundisha watoto wetu kungoja ndoa, na tutazidi kuwafundisha. Lakini kosa lilikuwa la watu wawili, na mtoto hakukosa neno.

Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yasema kwamba kila mtoto wa Kongo sharti awe na baba, wala hakuna mwenye ruhusa ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa katika ndoa ama nje yake. Baba akikataa, mama aweza kumpeleka mbele ya baraza la watoto. Tena mtoto huandikishwa katika ofisi ya Serikali bure, ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kama ilivyowekwa mwaka 2016. Wengi hawaendi kwa sababu ya haya tu, na kesho mtoto hana cheti.

Na parokiani tujipime. Mwezi wa Mei 2013, hayati Papa Fransisko aliwaonya wanaomfungia mlango mama asiye na mume aliyeleta mtoto wake abatizwe.

Enyi mababa, mrudishieni binti mahali pake nyumbani. Mali ile imnunulie cherehani, ama ilipe masomo aliyoyaacha. Enyi mama, mwendeeni na sabuni na unga, kama mnavyomwendea mzazi mwingine yeyote. Nawe kijana, usijifiche nyuma ya mbuzi wa baba yako: nenda ofisini, ukaandikishe jina lako karibu na jina la mtoto wako.