Gazi ya mbabula

Mmekwisha kuona ule moto wa buluu juu ya makala? Hewa inayoingia chini ya mbabula inazaa gazi karboniki. Hiyo ikipita kati ya makala mekundu, inageuka oksidi ya karboni: haina rangi wala harufu, lakini inawaka, tena inaua.

Wafundi wanaitumia njia hiyohiyo. Wanatia magunzi ya mahindi na takataka mu tanuru la kufungwa, joto kupita digri 700, wanapitisha gazi karboniki, na gazi ya kuwasha inatoka. Ikichanganywa na hidrojeni, inaweza kutoa mafuta ya motokaa. Fischer na Tropsch walionyesha hivyo mu Ujerumani miaka ya 1920.

Lakini chumba chako si tanuru la wafundi. Mama, hata baridi ya mwezi wa sita ikizidi, mbabula isilale ndani pamoja na watoto.