AFYA YA JAMAA: Mshipa Mkuu na Mwendo wa Moyo

Muuguzi anapomshika mgonjwa kifundo cha mkono huku akiitazama saa yake, watu wengi hudhani kwamba anaupima moyo peke yake. Kwa hakika kile anachokisikia chini ya vidole ni wimbi la damu lililosukumwa na moyo, likapokelewa na mshipa mkuu uitwao aota, ndipo likafika mkononi. Mapigo hayo basi ni habari za wawili, na mmoja wao akiugua, mwenzake hakai salama muda mrefu.

Aota hutoka upande wa kushoto wa moyo, hupanda kidogo, hujipinda kama mpini wa mwavuli, kisha huteremka mgongoni hadi tumboni. Kwa mtu mzima, upana wake karibu na moyo ni kama sentimeta 3. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja, na kwa kila pigo aota hutanuka na kurudi mahali pake. Mpira ukivutwa mara nyingi hivyo ungekatika zamani. Ukuta wa aota una tabaka tatu zilizoshikamana, na maadamu ni laini na wenye kunyumbuka, moyo hufanya kazi yake bila taabu.

Adui mkubwa wa ukuta huo ni shinikizo la damu lililo juu, ambalo wengi huliita presha. Likidumu miaka mingi, aota hukakamaa. Hapo moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi; nyama ya chumba chake cha chini cha kushoto hunenepa, na chumba cha juu kinachokimiminia damu hutanuka kupita kiasi. Umeme unaoongoza mapigo, ambao kwa kawaida hupita njia yake kwa utaratibu kama askari katika gwaride, hutawanyika ovyo. Chumba cha juu huacha kupiga, kikabaki kikitetemeka tu. Mkononi mapigo husikika bila mpango: mawili ya haraka, kituo, moja dhaifu, kisha matatu yanayokimbizana. Damu inayozubaa katika chumba hicho yaweza kuganda, na donge likisafiri hadi ubongoni mgonjwa hupatwa na kiharusi. Jamaa husema amerogwa, kumbe mapigo yake yalikuwa yameharibika kwa miezi mingi na hakuna aliyemshika mkono.

Ipo pia njia nyingine. Chini kidogo ya vali inayofunga mlango wa aota hupita uzi wa umeme unaoshuka kwenye vyumba vya chini vya moyo. Vali hiyo ikishambuliwa na vijidudu, au ikibadilishwa kwa upasuaji, uzi huo waweza kudhurika, na mapigo yakawa ya polepole mno. Ndiyo sababu baadhi ya watu waliowekewa vali mpya huhitaji pia kuwekewa kifaa kidogo cha kuuamsha moyo kwa umeme.

Lakini mahali ambapo magonjwa haya mawili hugongana kwa hatari kubwa ni katika dawa. Mtu mwenye mapigo yasiyo na mpango mara nyingi hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini, ili aepushwe na kiharusi. Dawa hiyo imeokoa watu wengi. Hata hivyo, tabaka la ndani la aota likichanika, damu hupenya katikati ya ukuta na kuupasua kama mtu anayetenganisha mbao mbili zilizogundishwa. Hapo dawa iliyokuwa mlinzi hugeuka adui, kwa maana damu isiyoganda haizuiliki kwa urahisi. Katika siku mbili za kwanza, mchaniko ulio karibu na moyo usipotibiwa, kila saa inayopita huongeza hatari ya kifo kwa kadiri ya asilimia 1 hadi 2.

Maumivu ya mchaniko hufanana na yale ya shambulio la moyo, na hata wenye elimu hutatizwa. Mfano mashuhuri ni wa Dakta Michael DeBakey wa Houston, Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la nchi yake, akahimiza kwamba madaktari wa upasuaji wasogezwe karibu na mstari wa mbele. Katika miaka ya 1950 alitengeneza mishipa ya bandia kwa kitambaa cha dakroni, akikishona kwa cherehani nyumbani kwake, na yeye na wenzake wakafaulu kuitengeneza aota iliyochanika. Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na miaka 97, alishikwa na maumivu makali ya kifua yaliyopita hadi mgongoni na shingoni. Aota yake mwenyewe ilikuwa imechanika. Mwanzoni hakutaka kulazwa wala kupasuliwa, lakini Februari 2006 alifanyiwa upasuaji wa saa nyingi, wa aina ileile aliyoianzisha. Aliishi hadi Julai 2008.

Kwa bahati njema kuna dawa zinazowafaa wote wawili, mshipa na moyo. Propranololi na ndugu zake hupunguza mwendo wa mapigo, na pia hupunguza nguvu ya kila pigo linalogonga ukuta wa aota. Jambo la kuchekesha ni kwamba sehemu ya maarifa haya ilitoka kwa bata mzinga. Ndege hao hupasuka aota kwa urahisi, na wafugaji wa Marekani walipata hasara kubwa hadi ilipoonekana kwamba dawa ya kushusha presha ikichanganywa katika chakula chao, vifo hupungua. Mwenye pumu, hata hivyo, asipewe propranololi kabla ya kumweleza daktari habari zake.

Kambini na katika laini za polisi, bibi wa nyumba aweza kufanya mengi. Amshike mumewe, mama mkwe na wazee wengine kifundo cha mkono kwa dakika nzima, wakiwa wametulia. Mapigo yakiwa hayana mpango, waende wapimwe umeme wa moyo, hata kama hawasikii maumivu. Katika dispensari yafaa kuomba presha ipimwe mikono yote miwili, kwa kuwa tofauti kubwa kati ya mkono na mkono ni dalili moja ya aota iliyo mgonjwa. Askari anayekwenda safari ya kazi ya miezi mitatu achukue vidonge vya presha vya miezi mitatu. Kuvikatiza ghafla ni kuichezea aota. Na tumbaku, iwe ya sigara au ya kiko, huudhuru ukuta wa mshipa huo pasipo shaka.

Maumivu ya ghafla kama ya kupasuliwa, yanayotoka kifuani kwenda mgongoni, si ya kutibiwa kwa aspirini ya jirani. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na anayemsindikiza amweleze daktari mambo matatu: maumivu yalianza saa ngapi, yalipita wapi, na kama mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Kama kuna ndugu wa tumbo moja au mzazi aliyekufa ghafla kwa aota, hilo nalo litajwe.

Kuna jambo moja linalohusu kabati la dawa. Siprofloksasini, ambayo hununuliwa madukani kwa kila homa ya tumbo, ni ya jamii ya dawa zilizotolewa onyo na wakuu wa dawa wa Marekani mwezi Desemba 2018, kwamba zaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika au kupasuka kwa wale ambao tayari imetanuka. Jamii hiyohiyo ya dawa huweza pia kuvuruga mwendo wa moyo. Mzee mwenye presha ya miaka mingi asinunuliwe dawa hiyo dukani pasipo cheti cha daktari.