Asilimia 100.01: Kasoro ya Hesabu au ya Msomaji?

Tarehe 16 Agosti 2022, siku moja baada ya matokeo ya urais kutangazwa Bomas, makamishna wanne wa tume ya uchaguzi walilalamika kwamba asilimia za wagombea zilifika 100.01. Ziada hiyo, walidai, ilikuwa kura 142,000 hivi. Hapa Pumwani wapo wanafunzi ambao hadi leo huniuliza kama ule haukuwa ushahidi tosha.

Haukuwa. Asilimia 0.01 ya kura 14,213,027 ni kura 1,421 tu, na hata hizo hazikuwapo. Ruto alipata asilimia 50.4899, Odinga 48.8491, Wajackoyah 0.4360, Mwaure 0.2251. Zikadirishe hadi tarakimu mbili baada ya nukta: zote nne zinapanda. Kila ukadiriaji waweza kukosea kwa 0.005, manne, kwa 0.02. Basi 0.01 imo ndani ya mpaka.

Waandishi wa programu za kompyuta walikwisha kulitambua jambo hili. Mashine nyingi zikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Kwa sababu hiyo, vikaguzi vinavyolinganisha faili la matokeo na lile lililotarajiwa havitazami tarakimu moja moja mithili ya mnakili. Huuliza kama tofauti imevuka kiwango kilichoruhusiwa. Kikaguzi kimoja cha maktaba ya NumPy, kisipoagizwa vinginevyo, huruhusu sehemu moja katika milioni kumi. Kiwango hicho mimi hukiita mwanya. Neno "uvumilivu" silipendi hapa, maana huashiria kosa linalosamehewa, ilhali kosa halipo.

Hata hivyo, mwanya si kichaka cha kufichia uovu. Muuza samaki wa Gikomba hagombani na mizani kwa gramu mbili, lakini akihesabu noti hakubali hata moja ipungue. Kura ni noti. Idadi iliyo katika Fomu 34A ya kituo na ile iliyoingizwa katika jumla ya taifa lazima zilingane sawasawa. Mwanya wake ni sifuri. Aidha, mwanya huwekwa kabla ya faili kufunguliwa. Anayeupanua baada ya kuona tofauti hakagui tena, anatetea.

Nasi walimu tuna deni. Twamnyima mwanafunzi alama kwa kuandika 3.14 badala ya 3.142, nasi hatukumwambia awali tunataka tarakimu ngapi. Fomu za 2022 ziliwekwa hadharani. Darasa la Pumwani laweza kuanza na za vituo vyake.